Habari Nusu Huzaa Kilio: Chujio la Sauti kwa Redio ya Nyumbani

Usiku wa Ijumaa, Mei 26, 2023, nilikuwa nimeketi nyumbani kwa shemeji yangu, katika kambi ambamo familia za askari huishi. Kaka yangu mkubwa alikuwa Somalia pamoja na vikosi vya Uganda katika ujumbe wa Umoja wa Afrika. Alfajiri ya siku hiyo kambi ya askari wetu huko Buulo Mareer, jimbo la Shabelle ya Chini, ilikuwa imeshambuliwa na al-Shabaab. Kwamba kumetokea mapigano, sote tulikuwa tumekwisha kusikia. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua neno. Simu ya kaka haikupatikana, na zile habari zilizokuwa zikirushwa kutoka simu hadi simu zilipingana zenyewe kwa zenyewe.

Shemeji akateremsha redio ya mawimbi mafupi ambayo kaka aliiacha juu ya kabati, akatafuta idhaa moja ya ng'ambo isomayo habari kwa Kiswahili. Majirani wakajaa mlangoni. Mvua ilikuwa njiani, radi zikimulika upande wa ziwani. Msomaji wa habari akaanza: "...kambi ya Waganda..." Ukaingia mluzi mkali wa idhaa jirani. Mluzi ukapungua, tukasikia: "...hakuna aliye..." Papo hapo radi ikapasua redio, na sentensi ikaishia hapo.

Mama mmoja aliyesimama mlangoni akaimalizia mwenyewe: "Hakuna aliyesalia!" Haikupita nusu saa, kilio kikaenea laini tatu za kambi.

Taarifa iliporudiwa baadaye usiku ule, niliweka sikio langu juu ya spika na kuziba jingine kwa kidole. Sentensi nzima ilikuwa hii: hakuna aliyethibitisha idadi ya waliouawa. Idadi yenyewe ilitangazwa na Rais Museveni Juni 3: askari 54. Hao 54 walikuwa waume, wana na baba za watu, na msiba wao haukuhitaji kuongezewa chumvi. Lakini usiku ule wa Ijumaa tuliwalilia pia watu waliokuwa hai. Kaka yangu alikuwa kituo kingine kabisa. Alipiga simu siku ya tatu.

Kilio cha msiba wa kweli hakuna awezaye kukizuia. Kilio kilichozaliwa na neno lililokatwa katikati chaweza kuzuilika, na vifaa vya kukizuia hutoshea ndani ya kijisanduku cha sabuni. Ndiyo sababu ya makala haya.

Mawimbi mafupi yangali na kazi

Ni kweli kwamba idhaa za mawimbi mafupi zimepungua. Redio ya Uholanzi iliacha kuyatumia mwaka 2012, na Redio Uganda, ambayo kwa miaka mingi wazee wetu waliisikia kwenye kilohezi 4976, leo husikika kwa njia ya FM. Hata hivyo mawimbi haya yana sifa ambayo simu haina. Hupanda angani, hurudishwa chini na tabaka la juu la hewa liitwalo ionosfia, kisha huanguka maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Hayahitaji mnara wa karibu wala salio. Askari aliye katika kituo cha mpakani, ambako mtandao huja na kutoweka, aweza kusikia dunia kwa betri mbili tu.

Gharama ya safari hiyo ndefu ni kelele. Nazo ni za aina tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni mluzi. Idhaa za mawimbi mafupi hupangwa zikiachana kilohezi 5. Mbili zikiwa jirani, mawimbi yao hugongana ndani ya redio na kutoa mluzi wa hezi 5,000. Ya pili ni mvumo na mchakacho utokao kwenye vyombo vyetu wenyewe vya nyumbani. Ya tatu ni mipasuko ya radi.

Kwanza zima, ndipo ujenge

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba chujio haliwezi kuondoa kelele iliyo katika sauti ile ile ya msemaji. Kwa hiyo kabla ya kununua hata rezista moja, itafute kelele ya nyumbani kwako. Washa redio kwa betri, si kwa umeme wa ukutani. Weka mshale mahali pasipo na idhaa. Kisha zima vyombo kimoja kimoja: chaja ya simu, taa za LED, televisheni, na kile kisanduku kinachodhibiti umeme wa jua kuingia katika betri. Kila unapozima, sikiliza.

Nyumbani kwa shemeji tulikuta wakosaji wawili. Mmoja alikuwa chaja ya simu, iliyoachwa ukutani mchana kutwa bila simu yoyote. Wa pili alikuwa taa ya LED ya barazani. Kuvizima vyote viwili kwa nusu saa ya habari hakumgharimu mtu kitu, na zaidi ya nusu ya mchakacho ulikwisha hapo hapo.

Chujio ni nini

Mama wa nyumbani hahitaji kufundishwa kazi ya chujio la chai: hupitisha chai, huzuia majani. Chujio la sauti hufanya vivyo hivyo. Sauti ya mtu anayezungumza ina mawimbi ya chini na ya juu, lakini yale yanayobeba maneno yamo katika eneo dogo. Simu ya waya, kwa miongo mingi, ilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na watu waliagana, waligombana na kuposana kwa hizo. Basi tukiruhusu eneo hilo lipite, na kupunguza yaliyo juu na chini yake, mluzi wa hezi 5,000 hufifia, mchakacho mwembamba hupungua, na mvumo wa umeme hushuka.

Vifaa vinavyohitajika

Chujio letu hukaa kati ya redio na hedifoni. Hedifoni nyingi za kawaida zina ukinzani wa omu 32 kwa kila sikio, na hesabu zote zinazofuata zimefanywa kwa kipimo hicho. Kwa kila sikio tafuta:

Kapasita mbili za aina ya elektroliti, maikrofaradi 22 kila moja. Rezista moja ya omu 47. Kapasita moja isiyo na upande wa chanya wala hasi, ya maikrofaradi 2.2, na dayodi mbili ndogo, kwa mfano 1N4148.

Kwa kuwa masikio ni mawili, vyote hivyo huzidishwa kwa mbili. Ongeza kijisanduku cha plastiki cha sabuni, plagi moja iliyokatwa kutoka hedifoni iliyokufa, na soketi moja ya hedifoni. Vingi kati ya hivi hupatikana katika redio mbovu zilizorundikwa kwa fundi wa mtaani.

Namna ya kuunganisha

Ukikata waya wa hedifoni ya zamani, ndani utakuta nyuzi nyembamba za rangi. Aghalabu nyekundu ni ya sikio la kulia, kijani au buluu ni ya kushoto, na ile ya rangi ya shaba ni ya pamoja, yaani ardhi. Hapa ndipo wengi wanapokwama: nyuzi hizo zimepakwa rangi isiyopitisha umeme. Ukizilehemu bila kuiondoa, chujio litakuwa bubu nawe utalaumu rezista. Choma ncha ya uzi kwa moto wa kiberiti kwa sekunde moja, ifute taratibu kwa kitambaa, ndipo uilehemu kwa risasi.

Sasa shika upande mmoja, tuseme wa kushoto. Unganisha zile kapasita mbili za maikrofaradi 22 ncha hasi kwa ncha hasi. Zikiungana hivyo huwa kama kapasita moja ya maikrofaradi 11 isiyo na upande. Uzi wa kushoto utokao kwenye plagi uingie katika jozi hiyo. Kutoka kwenye jozi uende kwenye rezista ya omu 47. Kutoka kwenye rezista ufike mahali tutakapopaita kiungo, na kutoka kwenye kiungo uende kwenye soketi, upande wa kushoto. Kisha, kati ya kiungo na waya wa ardhi, weka kapasita ya maikrofaradi 2.2. Rudia kazi hiyo hiyo kwa upande wa kulia. Waya wa ardhi hupita moja kwa moja kutoka kwenye plagi hadi kwenye soketi, bila kukatwa na chochote.

Jozi ya kapasita mwanzoni hupunguza mvumo ulio chini ya hezi 180 hivi. Rezista na kapasita ya mwisho, zikishirikiana na hedifoni yenyewe, huanza kupunguza sauti kutoka hezi 3,800 kwenda juu. Mluzi wa hezi 5,000 hubaki kwa kiasi cha asilimia 60 ya nguvu zake, na mchakacho wa hezi 10,000 hubaki kwa zaidi kidogo ya theluthi. Sauti nzima itashuka pia, kwa sababu rezista imechukua sehemu yake. Ongeza kidogo kitufe cha redio.

Kuna jambo la kuangalia kwenye plagi. Plagi yenye pete mbili nyeusi ni ya masikio mawili. Yenye pete moja ni ya sikio moja. Ikiwa tundu la redio yako ni la sikio moja, tumia plagi yenye pete moja, na uunganishe mianzo ya pande zote mbili za chujio pamoja kwenye ncha ya plagi hiyo. Hapo utasikia kwa masikio yote mawili.

Ngao dhidi ya radi

Zile dayodi mbili ndizo ngao. Ziweke kati ya kiungo na ardhi, zikitazamana kinyume: moja mstari wake uelekee ardhi, nyingine mstari wake uelekee kiungo. Dayodi za silikoni hazipitishi umeme mpaka ufike karibu volti 0.6. Sauti ya habari, iwapo umeiweka kwa kiasi cha haki, haifiki huko, hivyo hupita bila kuguswa. Radi inapopasua, umeme huruka juu ghafla, dayodi hufunguka, na ziada humwagika ardhini badala ya kumwagika sikioni. Anayetaka ngao ya karibu zaidi atumie dayodi za aina ya Schottky, kama 1N5819, zinazofunguka mapema kuliko hizo.

Dayodi hazitamrudishia mtu neno lililokwisha kufunikwa na radi. Kazi yake ni kwamba sikio halishtuki wala halizibwi na mshindo, nalo huwa tayari kulipokea neno linalofuata.

Kwa mwenye kutaka zaidi

Ikiwa mluzi bado unakuudhi, badilisha muundo. Mahali pa rezista ya omu 47 weka rezista ya omu 10 ikifuatwa na koili ya milihenri 2.2, kapasita ya kwenye kiungo iwe ya maikrofaradi 1.5, na ile jozi ya mwanzo iwe ya kapasita mbili za maikrofaradi 47. Sasa mluzi wa hezi 5,000 hubaki kwa kiasi cha asilimia 40, na mchakacho wa hezi 10,000 hubaki sehemu moja tu ya kumi.

Koili ndiyo kifaa kigumu kupatikana dukani, lakini imelala katika takataka zetu. Taa za kubana matumizi ya umeme, zile zenye mrija wa kioo uliosokotwa, zina koili ndogo katika kitako chake, ambayo mara nyingi huwa kati ya milihenri 2 na 4. Mbili zinazofanana zinatosha masikio mawili. Ila tahadhari: mrija ule una zebaki, usiuvunje kamwe wala usiwape watoto kuuchezea. Na taa iwe imekaa siku kadhaa bila kuwashwa kabla ya kufunguliwa, kwani kapasita iliyomo huweza kuhifadhi umeme wa kumtupa mtu.

Msomaji mwenye pupa atauliza: kwa nini tusikate zaidi, mpaka hezi 2,000, ili mluzi uishe kabisa? Jibu limo katika masikitiko ya usiku ule. Sauti za "s" na "th" huishi juu, katika mawimbi membamba. Ukikata mno, mluzi utaisha, lakini "aliyesalia" na "aliyethibitisha" zitaanza kufanana. Chujio la chai lenye matundu madogo mno huzuia hata chai.

Mapambo yenye kazi

Aidha, hedifoni yenyewe yaweza kuboreshwa nyumbani kwa sindano na uzi.

Mito ya masikio iliyochakaa ishonwe upya. Kata duara mbili za sponji laini ya godoro kuukuu, toboa kila moja katikati, kisha zivalishe kitambaa cha pamba kinachofulika. Mto mzuri huzuia kelele za nje, na mtu asiyesumbuliwa na kelele za nje haongezi sauti.

Waya mrefu wa hedifoni, wa mita tatu au nne, huruhusu redio ikae dirishani ambako mawimbi ni mazuri, msikilizaji naye akae kitandani. Baba aliyetoka lindo la usiku akalala, watoto wakafanya kazi za shule, mama akasikiliza habari; hakuna anayemkera mwenziwe. Lakini waya huo huo huweza kuokota kelele na kuziingiza katika redio. Tafuta ile pete nzito nyeusi ya feriti iliyo kwenye nyaya za kompyuta zilizokufa, uzungushe waya ndani yake mara tano au sita, karibu na redio. Gharama yake ni bure.

Wakitaka kusikiliza wawili, ongezeni soketi ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Sauti itashuka kidogo, na hilo latazamiwa.

Tahadhari kwa askari na familia

Hedifoni ni kifaa cha mapumziko. Askari au polisi aliye lindoni asiivae hata kwa dakika moja. Masikio yake wakati huo ni mali ya wenzake waliolala. Vivyo hivyo mtu anayetembea barabarani au kuendesha pikipiki.

Ikiwa umefunga waya wa nje kama eriali, uchomoe kabla ya mvua kukaribia, uache redio. Dayodi zetu hulinda sikio dhidi ya mshindo wa sauti. Hazimlindi mtu dhidi ya radi yenyewe. Pia usisikilize kwa redio iliyounganishwa na chaja isiyojulikana ubora wake huku hedifoni ikiwa masikioni.

Kuhusu kiasi cha sauti, Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Nyumbani hatuna kipimo, lakini yupo mtoto: ikiwa aliyeketi kando yako anasikia habari kutoka kwenye hedifoni zako, umezidisha.

Mwisho

Chujio la kwanza nililijenga Juni ile ile ya 2023, juu ya meza ya kulia chakula ya shemeji, kwa chuma cha kulehemia nilichoazima. Mimi nilisomea ualimu, na ingawa sasa kazi yangu ni ya mafaili, sikuweza kumjengea bila kumfundisha. La pili alilehemu mwenyewe, akampelekea yule mama aliyesimama mlangoni usiku ule. Hakumlaumu kwa neno. Alimwonyesha tu mahali pa kuchomeka plagi.

Tangu hapo katika laini ile kuna desturi moja. Habari nzito ikisikika, aliyevaa hedifoni huinua mkono, na wote hunyamaza mpaka sentensi iishe. Asiposikia vizuri husema, "Sikusikia," na watu husubiri taarifa irudiwe. Kaka yangu alipokuja likizo aliliona jambo hilo kwa macho yake. Alikigeuzageuza kile kijisanduku cha sabuni mkononi, akauliza ndani mna nini. Shemeji akamjibu kwamba mna rezista, kapasita na subira.

Ndugu msomaji, viwili vya kwanza nimekueleza namna ya kuvipata. Cha tatu hakiuzwi, lakini hujengeka kila mara tunaposubiri neno liishe.